Sindano ambayo tabibu alikataa kuchoma

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili ninayo barua mezani kutoka Dutwa, wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Imeandikwa kwa wino wa buluu katika karatasi tatu za daftari, na mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe. Barua nyingi tuzipatazo kutoka huko huwa za bei ya pamba au za tembo waliovuka kutoka hifadhini na kula mahindi ya watu. Hii ni ya msiba. Nimeisoma mara nne, na nilipoimaliza mara ya nne niliweka kando mazungumzo niliyokuwa nimekwisha yaandaa.

Mwandishi wa barua alikuwa na mdogo wake, kijana wa miaka 26, dereva wa bodaboda. Jioni moja kijana huyo alikuwa akirudi nyumbani kwa barabara ya lami iendayo Lamadi, ng'ombe wakakatiza, naye katika kuwakwepa akaanguka na kupiga kichwa. Kofia yake ngumu ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Aliinuka mwenyewe. Alikung'uta vumbi, akanywa maji, hata akampigia simu mteja aliyekuwa akimsubiri. Baada ya saa moja hivi alilalamika kwamba kichwa kinampasuka. Akatapika. Kisha akasema anataka kulala, na ndugu zake wakamwacha alale.

Walipoona haamki sawasawa walimkimbiza kituo cha afya. Tabibu wa zamu alimmulika machoni kwa tochi, akamwekea dripu na hewa ya oksijeni, akainua kichwa cha kitanda, akaketi kuandika barua ya rufaa kwenda Mwanza. Hapo ndipo kaka mtu aliposema neno lake. Alikuwa amesikia tangu zamani kwamba iko sindano ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ile ambayo watu huiita deksa. Duka la dawa lilikuwa wazi ng'ambo ya barabara, na fedha alikuwa nazo mfukoni. Tabibu akamjibu kwamba sindano ile haimfai mtu aliyeumia kichwa, na hataichoma. Yule kaka alikwenda akainunua hata hivyo, akasafiri nayo mfukoni usiku kucha ndani ya gari la wagonjwa. Walifika Mwanza alfajiri. Kabla ya saa sita mchana mdogo wake alifariki.

Sasa anasema mama yao hazungumzi naye vizuri. Kila watu wanapokaa matangani au kwenye arobaini ya mtu mwingine, neno linarudi: ungelazimisha ile sindano. Swali lake kwetu ni moja. Je, tabibu yule alimwua mdogo wangu, na mimi nikamwachia?

Nitamjibu kwanza, kisha nieleze. La, ndugu yangu. Tabibu hakumwua, wala wewe hukumwua. Kwa yale yanayojulikana leo, kukataa kwake ndiko kulikokuwa matibabu sahihi. Nami sisemi hivi kukufariji. Ziko hesabu za watu elfu kumi nyuma ya maneno haya, na nitazitaja.

Lakini tuanze na fuvu lenyewe. Wasukuma wanajua gunia la pamba: ukilijaza, unapanda juu, unalishindilia kwa miguu, na linakubali kilo nyingine juu ya zile za kwanza, kwa sababu gunia hutanuka. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ni chungu cha mfupa kilichofunikwa pande zote, na ndani yake mna vitu vitatu tu: ubongo wenyewe, ambao huchukua kama sehemu nane katika kumi, damu iliyo mishipani, na maji safi yanayouogesha ubongo na kuteremka hadi kwenye uti wa mgongo. Maji hayo kwa wakati mmoja ni kiasi cha mililita 150, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya tena, kama kisima kinachojaa na kuchotwa.

Waskoti wawili, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, ndio waliotoa kanuni ambayo madaktari wanaitumia mpaka leo: ndani ya chungu hicho kimoja kikiongezeka, kingine hakina budi kupungua. Donge la damu likianza kujikusanya chini ya mfupa, kwanza maji hukimbilia mgongoni, kisha damu ya mishipa husukumwa nje. Wakati huo mgonjwa anaonekana mzima. Anaongea, anapiga simu. Ndiyo saa ile moja ambayo kijana wa Dutwa alikunywa maji na kukung'uta vumbi. Nafasi ya akiba ikiisha, tone dogo tu la ziada hupandisha shinikizo kwa ghafla. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo la kawaida ndani ya fuvu ni milimita 7 hadi 15 za zebaki. Likikaa juu ya 20, madaktari wa ubongo hawatulii tena. Likiendelea kupanda, damu safi inashindwa kuingia kichwani, na ubongo wenyewe husukumwa kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, mahali penye mitambo ya pumzi na mapigo ya moyo.

Kwa hiyo usingizi unaomjia mtu baada ya kuanguka na kutapika si usingizi wa kuachwa.

Ajabu iliyopo ni kwamba dalili kubwa za hali hii na habari za homoni za steroidi zinakutana katika jina la mtu mmoja, daktari wa upasuaji wa Marekani aitwaye Harvey Cushing. Mapema katika karne ya 20 alionyesha kwamba shinikizo la fuvu likizidi, shinikizo la damu la mwili mzima hupanda na mapigo ya moyo hupungua, kana kwamba moyo unasukuma kwa nguvu mlango uliofungwa. Muuguzi anayeona mapigo yanashuka huku presha inapanda kwa mtu aliyeumia kichwa hujua kwamba wakati umekwisha. Kisha mwaka 1932 Cushing huyo huyo aliandika juu ya watu wenye uso wa mviringo kama mwezi, tumbo kubwa, miguu myembamba na ngozi inayochubuka upesi. Baadaye ilijulikana kwamba miili yao ilikuwa na homoni moja kupita kiasi. Homoni hiyo ndiyo kotisoli, na hiyo ni steroidi.

Steroidi ni ukoo mkubwa wa kemikali ambazo mwili huzitengeneza kutokana na mafuta ya kolesteroli. Homoni za uume na za uke zimo katika ukoo huo, lakini leo tunasema habari za zile zinazotoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kotisoli huuamsha mwili asubuhi, huulinda wakati wa homa na njaa, na hutuliza uvimbe. Mwezi Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo huko Rochester, Marekani, mama mmoja aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo alidungwa kotisoni, ndugu ya homoni hiyo, na baada ya siku chache akawa anatembea. Wagunduzi watatu, Kendall, Hench na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Dunia ilidhani imepata dawa ya kila kitu. Deksamethasoni, yaani deksa, ilikuja baadaye, nayo ina nguvu mara kama 25 kuliko ile homoni ya mwilini.

Mwaka 1961, katika jimbo lile lile la Minnesota, madaktari Galicich na French walitangaza kwamba wagonjwa wenye uvimbe wa saratani ndani ya kichwa, waliokuwa wamepooza na kusinzia, waliamka na kuongea baada ya kupewa deksa. Jambo hilo lilikuwa kweli, na ni kweli hadi leo. Hapa ndipo ilipozaliwa imani aliyokuwa nayo ndugu yetu wa Dutwa. Hakuisikia kwa waganga wa kienyeji. Aliisikia kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini hospitali nyingi duniani, kubwa kwa ndogo, zilikuwa zikiwapa steroidi watu waliovunjika vichwa, kwa hoja iliyoonekana haina kasoro: saratani huvimbisha ubongo, na deksa hupunguza, ajali huvimbisha ubongo, basi deksa nayo itapunguza.

Kosa liko katika neno hilo uvimbe. Kiswahili chetu hulitumia kwa mambo mengi, na hata Waingereza wana tatizo lilo hilo katika lugha yao. Mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobana kuliko mishipa ya mahali pengine popote. Saratani ikiota, huleta mishipa mibovu yenye kuvuja, na maji ya damu hupenya katikati ya chembe hai za ubongo kama maji ya mfereji mbovu yanavyoloweka shamba. Steroidi huziba uvujaji huo. Lakini katika ajali, chembe zenyewe hupondwa na kukosa hewa, kila moja ikajaa maji kutoka ndani kama maharage yaliyolowekwa. Hapo hakuna bomba la kuziba. Tena mara nyingi linakuwapo donge la damu, na hakuna sindano duniani inayotoa donge la damu ndani ya fuvu. Linatolewa kwa kutoboa mfupa.

Hiyo ni nadharia, na nadharia peke yake haitoshi, maana ile ya kwanza nayo ilikuwa nzuri. Ilibidi kuhesabu. Mwaka 1999 watafiti walioongozwa kutoka London walianza jaribio lililoitwa CRASH. Watu wazima walioumia kichwa walipewa, kwa kura, ama steroidi yenye nguvu kwa saa 48, ama maji yasiyo na dawa, bila daktari wala ndugu kujua yupi kapewa nini. Hospitali 239 katika nchi 49 zilishiriki. Nia ilikuwa kufikia watu 20,000. Mwezi Mei 2004, walipofika watu 10,008, kamati iliyokuwa ikitazama hesabu kwa siri ilisimamisha jaribio. Katika waliopewa dripu isiyo na dawa walikuwa wamekufa 893 ndani ya majuma mawili. Katika waliopewa steroidi walikufa 1,052.

Makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa, kila moja kama watu 5,000. Kwa asilimia ni 17.9 dhidi ya 21.1. Yaani katika kila watu mia moja waliochomwa dawa ile, watatu hivi walikufa ambao wasingekufa kama wangeachwa bila hiyo. Baada ya miezi sita tofauti ilikuwa bado ipo. Kwa nini dawa iliua, wataalamu hawakupata jibu la moja kwa moja. Walitazama kama ni maambukizo au kutokwa damu tumboni, na haikuonekana kuwa ndiyo sababu. Lakini mtu haihitaji kujua sababu ya daraja kubomoka ili aache kupita juu yake.

Nakuomba, ndugu yangu wa Dutwa, ufikiri maana ya hesabu hizo. Kabla ya mwaka 2004 daktari mwema, mwenye huruma, aliyesoma vizuri, angemchoma mdogo wako sindano ile. Familia ingeshukuru. Na kama angekufa, wote mngesema alau tulijaribu. Tabibu uliyemkuta zamu usiku ule alichukua njia iliyo ngumu zaidi, ya kumwambia hapana mtu mwenye fedha mkononi na machozi machoni. Na mambo aliyoyafanya, kuinua kichwa cha kitanda, oksijeni, dripu ya kuzuia presha isishuke, na rufaa ya haraka kwa mtu awezaye kutoboa fuvu, ndiyo yale ambayo yangefanywa mahali pengi penye vifaa kuliko hapo. Iko pia dawa ya manitoli ambayo huvuta maji kutoka ubongoni kwa muda na kuwapa wapasuaji nafasi ya saa chache, lakini hata hiyo hununua muda tu.

Sitaficha jambo lingine. Kama kuna kitu ambacho pengine kingebadili habari hii, ni saa zile za mwanzo na ile kofia iliyokuwa usukanini. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za waendesha pikipiki ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Nasema pengine, kwa sababu simjui marehemu wala sikuona picha za kichwa chake, na kila ajali ina namna yake. Sikuandiki haya ili mama apate mtu mwingine wa kumlaumu.

Sasa, msikilizaji asije akatoka hapa akidhani deksa ni sumu. Wala si hivyo, na hapa ndipo pagumu. Yako magonjwa mengine yanayopandisha shinikizo la fuvu, na katika kila moja ilibidi kuhesabu upya, kwa maana jibu la ugonjwa mmoja halikufaa ugonjwa mwingine.

Tuchukue malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa tunaoufahamu sana huku Kanda ya Ziwa. Watoto wetu wamezimia kwa ugonjwa huo, na kwa miaka mingi walipewa deksa kwa hoja ile ile ya uvimbe. Mwaka 1982 yalitangazwa matokeo kutoka Thailand ya wagonjwa 100. Vifo vilikuwa karibu sawa pande zote mbili, lakini waliopata deksa walikaa bila fahamu kwa wastani wa saa 63, na wasioipata saa 47. Tena walipata vichomi na kutokwa damu tumboni kwa wingi zaidi. Basi deksa ikatolewa katika malaria.

Homa ya uti wa mgongo ya bakteria je? Ulaya, mwaka 2002, watu wazima 301: kwa waliopewa deksa walikufa asilimia 7, kwa wasiopewa asilimia 15. Ushindi mkubwa. Lakini mwaka 2007 ukaja utafiti wa watu wazima 465 katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi, na huko ilikuwa asilimia 56 kwa 53, yaani hapana faida yoyote. Wagonjwa wa Blantyre wengi wao walikuwa na virusi vya Ukimwi, na walifika wamechelewa. Mimi hapo hujifunza jambo moja: kitabu kilichoandikwa Amsterdam hakisomeki Blantyre bila kusahihishwa.

Kifua kikuu kinaposhambulia utando wa ubongo, steroidi inasaidia. Katika utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004, wagonjwa 545, vifo vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 32. Hata hivyo, mwaka 2023, kwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi peke yao, faida haikuweza kuthibitishwa.

Na uko ugonjwa wa nne, ambao umezika watu wengi Afrika Mashariki bila kujulikana jina lake. Ni homa ya uti wa mgongo ya fangasi aitwaye kriptokokasi. Humpata hasa mtu ambaye Ukimwi umemmaliza kinga. Huanza polepole: kichwa kinauma majuma mawili, matatu, macho yanaona mbili mbili, jamaa wanasema karogwa. Fangasi huziba njia ya kunyonya maji yale ya ubongo, na kisima ambacho hakichotwi hufurika. Katika ugonjwa huu shinikizo la fuvu hupanda kuliko karibu magonjwa mengine yote. Deksa ilionekana kama iliumbwa kwa ajili yake. Basi madaktari wa Uganda, Malawi na nchi nne za Asia wakaijaribu kwa wagonjwa 451. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalitoka mwaka 2016: hadi miezi sita walikufa asilimia 57 ya waliopata deksa na asilimia 49 ya wasiopata, waliobaki na ulemavu walikuwa wengi zaidi upande wa deksa, na fangasi nao walichelewa kufa. Homoni inayotuliza uvimbe huwatuliza pia askari wa mwili.

Kilichosaidia ni kitu cha kawaida kabisa, ambacho watu wetu wanakiogopa kuliko sindano yoyote: kuchomwa mgongoni na kutolewa maji. Nimesikia mara nyingi mtu akisema fulani alitolewa maji ya mgongo akafa, na kwa hiyo familia inakataa kutia sahihi. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 248 wa fangasi huyo. Waliotolewa maji tena baada ya kipimo cha kwanza walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo sana kuliko wasiotolewa, hata kama shinikizo lao la mwanzo halikuwa kubwa. Mtu hufa kwa ugonjwa, na sindano ya mgongo hupakaziwa kwa sababu ilikuwa ya mwisho kuonekana. Ni kisa cha Dutwa kilichogeuzwa: kule sindano isiyochomwa inalaumiwa, huku iliyochomwa.

Tena ugonjwa huu unaweza kukamatwa kabla haujafika kichwani. Dar es Salaam na Lusaka, watafiti wakiwamo wa Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, waliwapima damu watu wenye kinga ndogo walioanza dawa za Ukimwi, na wakawafuata nyumbani kwa majuma machache. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 28. Hapo hapakuwa na mashine kubwa. Palikuwa na kipimo kidogo cha damu na mtu wa kupiga hodi.

Limebaki jambo moja ambalo ndugu yetu hakuliuliza, lakini wanunuzi wa magazeti mjini linawahusu kuliko yeye. Steroidi inaweza yenyewe kuleta shinikizo la fuvu, hasa inapoachwa ghafla. Madaktari wamelijua hilo, hasa kwa watoto, tangu miaka ya 1960. Mtu akitumia deksa au prednisoloni kwa majuma mengi, zile tezi za juu ya figo huona homoni inatoka nje, nazo hulala. Akiiacha siku moja, mwili unabaki bila kotisoli yoyote. Wengi huishiwa nguvu, hutapika, presha hushuka. Na wachache kichwa huanza kuuma, macho huingia ukungu, na mshipa wa jicho huvimba kwa nyuma. Shinikizo limepanda bila saratani na bila donge la damu, na lisipotibiwa linaweza kupofusha. Ndiyo maana daktari humpa mgonjwa wa pumu au wa figo karatasi ya kupunguza vidonge kidogo kidogo, na ndiyo maana karatasi hiyo haifai kupuuzwa kwa sababu tu mtu amepata nafuu.

Na ni nani katika miji yetu anayetumia steroidi bila karatasi yoyote? Wako wanaomeza deksa ili wanenepe. Na uso unaojaa kama mwezi husifiwa kuwa ni afya, kumbe ni ule ule alioueleza Cushing mwaka 1932. Wako wanaopaka mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali, zinazopenya katika ngozi na kuingia damuni, hasa mtu anapojipaka mwili mzima kila siku kwa miaka. Serikali ilikwisha piga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na mara kwa mara tunaonyeshwa makatoni yakichomwa moto. Jumatatu inayofuata vingine vimerudi sokoni, ndani ya mikoba. Mwenye kutumia vitu hivi kwa muda mrefu asiviache kwa hasira siku moja baada ya kusikia kipindi hiki. Aende hospitali, aseme kweli bila haya, apunguziwe kwa utaratibu. Na mtoto mchanga asipakwe kabisa krimu ya mama yake, kwani ngozi yake ni nyembamba na mwili wake mdogo.

Narudi kwa ndugu yangu wa Dutwa. Umeniuliza kama uiweke barua hii ya majibu au umsomee mama. Hilo unalijua wewe. Kama utamsomea, ningeanza na zile namba mbili za mwaka 2004, 893 na 1,052, na ningemweleza kwamba kila moja katika hizo ilikuwa ni mtoto wa mtu, na kwamba ndizo zilizomfundisha tabibu wenu kusema hapana. Pengine hatakubali siku ya kwanza.

Mwisho wa barua yako umeandika kwamba kichupa ulichokinunua usiku ule bado kipo, umekiweka juu ya dirisha la chumbani, na hujui ukifanye nini. Usimpe mtu mwenye homa, wala jirani mwenye pumu, wala usikitupe mahali penye watoto. Kipeleke kituo cha afya ukamkabidhi mfamasia au muuguzi. Na ukimkuta yule tabibu zamu, msalimie.